VLSM inanichanganya: sabneti zangu zinagongana na kosa silioni

mgeni_wa_neti

Wakuu habari za muda huu. Naombeni mnisaidie maana hili zoezi nipo nalo siku ya tatu sasa na kichwa kishaanza kupata moto. Najifunza mambo ya mitandao mwenyewe, sabneti (vipande vya mtandao) za kawaida zile za kugawa sawasawa nilizielewa vizuri tu, yaani ukiniambia gawa /24 (maski yenye biti 24 za mtandao) mara nne nakupa /26 nne bila hata kushika kalamu. Shida imeanza nilipofika kwenye hizi maski za urefu tofauti, ndo VLSM yenyewe.

Zoezi liko hivi. Nimepewa 192.168.20.0/24 basi, hamna nyingine. Kuna ruta nne zimefungwa kwa mstari, ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya tatu na ya nne, kwahiyo katikati kuna linki tatu na kila linki inataka anwani mbili. Kila ruta ina LAN (mtandao wa ndani) yake. LAN A mashine 58, B mashine 27, C mashine 12, D mashine 5. Jumla sabneti saba.

Nikaanza na njia yangu ya zamani. Sabneti saba, naazima biti tatu, napata nane, kila moja ni /27 yenye hosti (mashine) 30. Safi, ila A ina 58 haiingii. Nikarudi kwenye /26, A ikaingia, lakini sasa sabneti ni nne tu na mimi nataka saba. Hapo ndo nikaelewa kwanini VLSM ipo, huwezi kutumia kipimo kimoja kwa wote.

Basi nikasema nianze na vidogo nivimalize. Linki nikazipa .0/30, .4/30 na .8/30. Nimeishia .11, kwahiyo D nikaiweka 192.168.20.12/29, C nikaiweka .20/28, B .36/27, A .68/26. Kwenye karatasi imekaa vizuri kabisa, nimeihesabu mara tatu hakuna namba iliyotumika mara mbili.

Nikaingia kwenye simuleta. Ruta ya kwanza, ya pili na ya tatu zimekubali anwani zote bila neno. Ruta ya nne upande wa linki nikaipa .10/30 ikakubali, nikaenda upande wa LAN D nikaipa .13 na maski ya 255.255.255.248, ikakataa, inasema inagongana na intafesi nyingine. Inagongana vipi wakati linki inaishia .11 na D inaanzia .12???

Na swali la pili kama hamtojali, paketi ikitoka LAN A kwenda LAN D, ruta ya kwanza inajuaje kwamba kule D maski ni /29 na sio /26 kama ya kwake? Maski inasafiri ndani ya paketi?

---

biti32

Mkuu kosa lako ni zuri sana, usilionee aibu, karibu kila mtu analipitia. Unahesabu sabneti kama unavyopanga watu kwenye foleni, huyu akiishia 11 mwenzie anaanzia 12. Sabneti haikai popote pale ulipoishia. Kipande cha anwani 8 kinaanzia kwenye namba inayogawanyika kwa 8, cha 16 kwenye inayogawanyika kwa 16, cha 64 hivyo hivyo. 12 haigawanyiki kwa 8, kwahiyo 192.168.20.12/29 kama sabneti haipo duniani.

Kwanini? Kwasababu ruta haijui kuhesabu "mashine nane kuanzia hapa". Ruta inachofanya ni kuchukua anwani na maski inazipanga juu na chini, biti kwa biti, penye 1 kwenye maski inabakiza biti ya anwani, penye 0 inafuta. Chukua okteti (biti nane) ya mwisho ya kwako:

12 ni 00001100
248 ni 11111000
zikikutana unapata 00001000, yaani 8

Umeona? Wewe umeandika 12, ruta imesoma 8. LAN D yako kwa macho ya ruta ni .8 mpaka .15, na linki yako ya tatu ni .8 mpaka .11. Imekataa kihalali kabisa.

Maski ni mstari tu, unasema biti za kushoto ni jina la mtandao na za kulia ni za mashine. Idadi ya mashine inakuja yenyewe kutokana na biti zilizobaki kulia, na mwanzo wa sabneti ni pale ambapo biti zote za kulia ni sifuri. Ukilishika hilo VLSM imeisha, mengine yote ni kupanga.

Sasa angalia kwanini ruta tatu za kwanza hazikulalamika, hapa ndo patamu. C uliyoandika .20/28, ruta ilisoma .16 mpaka .31. B uliyoandika .36/27 ilisoma .32 mpaka .63. A ya .68/26 ilisoma .64 mpaka .127. Zote zimehama kutoka pale ulipodhani zipo, ila kwa bahati hazikugongana na mtu, kwahiyo kimya. Ni hatari hiyo maana ungeendelea kugawa anwani kwa kufuata karatasi yako. Kwenye karatasi C inaenda mpaka .35, ungefika kwenye mashine ya kumi na moja ukaipa .31, kumbe hiyo ndiyo brodkasti ya C (anwani ya kuwaita wote). Inayofuata ukaipa .32, halafu .33, hizo tayari ni eneo la B. Mashine zinazofanya kazi tisa, kumi, halafu hizo za mwisho hazioni kitu na wewe unabadilisha kebo usiku kucha.

---

mzee_wa_swichi

Biti32 kamaliza upande wa hesabu, mi niongezee upande wa kupanga.

Utasikia kila mahali wanasema anza na sabneti kubwa kuliko zote ushuke chini. Ushauri ni mzuri lakini wengi wanaukariri kama sheria bila kujua unatokana na nini. Unatokana na hicho hicho alichosema hapo juu. Ukianza na kipande cha 64 utaishia kwenye namba inayogawanyika kwa 64, na namba hiyo lazima inagawanyika kwa 32 pia, kwa 16, kwa 8, kwa 4. Kwahiyo kila kidogo kinachofuata kinakaa pale pale mkubwa alipoishia bila pengo. Ukianza na vidogo inabidi kila mara uruke mbele kutafuta namba inayogawanyika, na kila ukiruka unaacha shimo.

Ila hata kuanza na vidogo kunawezekana! Zoezi lako lingeingia: linki .0, .4, .8, halafu D unaruka mpaka .16, C unaruka mpaka .32, B .64, A .128. Umeacha .12 mpaka .15, .24 mpaka .31, .48 mpaka .63 na .96 mpaka .127 zimekaa bure, lakini imeingia. Siku nafasi ikibana ndo utajuta.

Kwa kuanza na mkubwa inakuwa hivi:

A, 192.168.20.0/26, mashine .1 mpaka .62, brodkasti .63, maski 255.255.255.192
B, 192.168.20.64/27, mashine .65 mpaka .94, brodkasti .95, maski 255.255.255.224
C, 192.168.20.96/28, mashine .97 mpaka .110, brodkasti .111, maski 255.255.255.240
D, 192.168.20.112/29, mashine .113 mpaka .118, brodkasti .119, maski 255.255.255.248
Linki, .120/30, .124/30, .128/30, maski 255.255.255.252

Umetumia anwani 132, kuanzia .132 mpaka .255 zote zako bado. Na hicho kilichobaki usikiandike "zimebaki 124" ukatulia, kiandike kwa vipande vinavyotumika, .132/30, .136/29, .144/28, .160/27, .192/26. Kesho akija mtu anataka LAN ya watu 50 unajua moja kwa moja ni .192.

Angalia D kwa makini lakini. Umesema mashine 5. Je umeihesabu na ruta? Maana ruta nayo inakula anwani kwenye hiyo LAN. Tano na ruta sita, /29 inabeba sita, imejaa hadi shingoni. Kwenye mtihani upo sahihi asilimia mia. Kwenye kazi ya kweli mi nisingeiweka /29, ningeipa /28 na nafasi ninayo, kwasababu siku anapoletwa mtu wa sita na mashine yake itabidi ubadilishe maski kwenye kila kifaa cha D, na kuna kimoja lazima utakisahau.

---

waya_mrefu

Samahani nadhani mzee hapo juu umeteleza, sabneti ya kwanza na ya mwisho hazitumiki. Fomula ni 2 kwa kipeo cha n kutoa 2, kwa sabneti na kwa hosti. Kwahiyo hiyo .0/26 hairuhusiwi.

---

mzee_wa_swichi

Kwa hosti ndiyo, unatoa 2, moja ni jina la sabneti na moja ni brodkasti. Kwa sabneti hapana, hiyo ni ya zamani sana. Ilitoka kwenye RFC 950 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti) ya mwaka 1985, enzi hizo maski ilikuwa moja kwa mtandao mzima na waliogopa watu kuchanganya sabneti ya sifuri na mtandao wenyewe, na ile ya biti zote moja kuchanganywa na brodkasti ya mtandao mzima. RFC 1878 ya mwaka 1995 ikaandika wazi kwamba desturi hiyo imepitwa. Ruta za Cisco zina komandi ya ip subnet-zero ambayo tangu IOS 12.0 (programu ya ruta zao) inakuja imewashwa tayari.

Bado kuna maswali ya mitihani yanayonukuu ile fomula, kwahiyo sikulaumu. Ila fikiria mwenyewe, ukikata /24 mara mbili ukatupa ya kwanza na ya mwisho unabaki na nini?

---

waya_mrefu

Nabaki na sifuri 😂 sawa nimekubali, kitabu changu kizee.

---

kebo_nyekundu

Nijibu lile swali la pili maana naona wameliruka.

Hapana, maski haisafiri kwenye paketi. Kichwa cha paketi ya IPv4 kina anwani ya anayetuma na anwani ya anayepokea, biti 32 kila moja, na hakuna sehemu yoyote ya maski. Maski ni siri ya nyumbani, kila kifaa kina ya kwake na kinaitumia kujibu swali moja tu: huyu ninayetaka kumtumia ni jirani yangu hapa hapa au yuko nje? Kama ni jirani, kinamwita kwa ARP (wito wa kuuliza nani ana anwani hii) kinampa mkononi. Kama yuko nje kinampa ruta.

Ruta nayo ina orodha yake ya njia na kila njia imeandikwa pamoja na maski. Paketi ya .114 ikifika, ruta inapitia orodha, inaangalia ni njia zipi zinalingana na hiyo anwani, na zikilingana zaidi ya moja inachukua yenye maski ndefu zaidi. Ndo maana unaweza kuwa na 192.168.20.0/24 inayoelekea kushoto na 192.168.20.112/29 inayoelekea kulia na hakuna ugomvi, paketi ya .114 itaenda kulia, ya .200 itaenda kushoto. Bila hiyo kanuni ya maski ndefu kushinda, VLSM isingefanya kazi hata siku moja.

Kwahiyo ruta ya kwanza inajua kwamba D ni /29 kwasababu imeambiwa. Aidha wewe umeiandikia kwa mkono au ruta zimeambizana zenyewe.

Na hiyo "siri ya nyumbani" ilinitesa kipindi fulani, acha niwape. Sehemu niliyokuwa nafanya kazi tuligawa upya mtandao, kilichokuwa /24 kikawa /26 nne. Kila kitu kikabadilishwa ikabaki printa moja, ilikuwa na anwani ya kuandikwa kwa mkono na maski yake ya 255.255.255.0. Watu wa chumba kile kile wanachapa vizuri. Watu wa sabneti ya pili wanatuma kazi, haichapi. Nikatazama kwenye ruta nikaona paketi zinatoka kuelekea kwenye printa bila tatizo, nikahangaika na ruta siku nzima, kumbe paketi zinafika! Printa inazipokea, ikitaka kujibu inaangalia maski yake ya /24, inamwona yule wa .70 kama jirani, inamwita kwa ARP pale pale ndani, na yule yupo ng'ambo ya ruta hasikii. Majibu hayajawahi kutoka mlangoni. Tangu siku hiyo mtu akiniambia "inafika ila haijibu" kitu cha kwanza naangalia maski ya upande wa pili.

---

mgeni_wa_neti

Aisee!! Hiyo ya 12 kusomwa 8 imenifungua macho, nilikuwa nadhani maski ni kama kuandika "nipe nane". Nimerudi kwenye simuleta nimefuta kila kitu nimeweka mpango wa mzee wa kuanza na A, anwani zote zimekubali ruta zote nne. D nimeacha /29 kwasababu zoezi ndo limesema hivyo.

Sasa limezuka lingine 😩 Nimewasha RIP (itifaki ya ruta kuambizana njia) kwenye ruta zote nne, nimeandika network 192.168.20.0 kote. Nikiwa kwenye ruta ya kwanza naona njia ya linki ya pili na ya tatu zimekuja, hata nikipingi linki ya tatu inajibu. Lakini LAN B, C, D hazionekani kabisa kwenye orodha, kana kwamba hazipo. Kompyuta ya A haifiki kwa kompyuta ya B. Anwani nimezikagua zipo sawa, intafesi zipo juu. Kwanini zije linki tu LAN zisije?

---

kebo_nyekundu

Umeandika version 2?

---

mgeni_wa_neti

Sijaandika version yoyote.

---

kebo_nyekundu

Basi ndo hapo. Bila kuitaja, ruta inatangaza kwa toleo la kwanza, na RIP ya kwanza, ile ya RFC 1058 ya mwaka 1988, kwenye tangazo lake haina mahali pa kuandika maski. Inataja namba ya mtandao na hatua ngapi, basi. Mwenzie akipokea anakisia, anasema hii namba ipo kwenye mtandao mmoja na intafesi iliyoipokea, kwahiyo maski yake lazima ni kama yangu.

Sasa ruta ya pili inapotaka kumtangazia ya kwanza inatokea kwenye linki, na linki ni /30. Ikitangaza LAN B ya /27 mwenzie ataikisia kuwa /30, uongo huo. Kwahiyo inanyamaza, inatangaza zile zenye maski sawa na intafesi inayotokea. Ndo maana umeona linki tu, zote ni /30. LAN zako zina maski nyingine, zimebaniwa mlangoni.

Weka version 2 kwenye ruta zote nne, na no auto-summary hata kama hapa haina kazi kubwa maana vyote vipo ndani ya 192.168.20.0 moja, ila zoea kuiandika, siku ukiwa na vipande vya mtandao mmoja vimetenganishwa na mtandao mwingine katikati utaelewa. Itifaki nyingine za kuambizana njia, OSPF, EIGRP, IS-IS, BGP ya nne, zote hizo zinabeba maski, huko hutakutana na hili.

---

biti32

Na hii ndo sababu watu wanaosema VLSM ni hesabu tu wanakosea kidogo. Hesabu ilikuwepo mapema, RFC 1009 ya mwaka 1987 tayari ilikuwa inazungumzia mtandao mmoja kuwa na maski zaidi ya moja. Kilichokwamisha ni ruta kutoambizana maski. Enzi za madaraja namba ya kwanza ndo ilikuwa inakuambia kila kitu, 1 mpaka 126 daraja A maski /8, 128 mpaka 191 daraja B /16, 192 mpaka 223 daraja C /24, kwahiyo hakuna aliyeona haja ya kuitaja. CIDR (ugawaji wa anwani usiotegemea madaraja) ilipokuja 1993 ikayaondoa madaraja kabisa. Ukisikia mtu leo bado anasema "hii ni class C" akimaanisha /24 yoyote, mwelewe tu ila usimuige.

---

mgeni_wa_neti

IMEKUBALI!!! A mpaka D inapingi. Nimeona njia zote saba kwenye orodha kila moja na maski yake, nimekaa nazitazama kama picha 😂

Mzee naomba zoezi jingine nijipime, la kunitoa kwenye okteti ya mwisho.

---

mzee_wa_swichi

Haya. 10.5.0.0/22. LAN ya kwanza mashine 300, ya pili 120, ya tatu 60, na linki moja. Nipe mwanzo na brodkasti ya kila moja.

Na linki usishangae ukikuta sehemu wameweka /31, RFC 3021 ya mwaka 2000 iliruhusu kwa linki za pande mbili tu, kwasababu mkiwa wawili brodkasti ya nini, ukisema kitu anakisikia mwenzio basi. Inaokoa nusu. Ila kwa zoezi hili tumia /30.

---

mgeni_wa_neti

300 haitoshi kwenye 256 kwahiyo 512, biti 9 kulia, /23. Naanza 10.5.0.0/23, brodkasti 10.5.0.255.
120 ni 128, /25, mwanzo 10.5.2.0, brodkasti 10.5.2.127.
60 ni 64, /26, mwanzo 10.5.2.128, brodkasti 10.5.2.191.
Linki 10.5.2.192/30, brodkasti .195.

---

mzee_wa_swichi

Tatu zimekaa. Rudia ya kwanza. Umesema biti 9 kulia, brodkasti ni pale ambapo zote tisa ni 1. Wewe umewasha nane.

---

mgeni_wa_neti

Ooh ya tisa ipo kwenye okteti ya tatu. Kwahiyo 10.5.1.255. Subiri kidogo, ina maana 10.5.0.255 ni mashine ya kawaida tu? Na 10.5.1.0 pia naweza kumpa mtu?

---

mzee_wa_swichi

Zote mbili. Zipo katikati ya sabneti, hazina cheo chochote. Kuna programu za zamani na watu wa zamani wakiona .255 au .0 mwishoni wanakataa, kwahiyo mi binafsi huwa naziruka nisipate maneno, lakini hilo ni tatizo lao, maski haina tatizo nazo.

---

mgeni_wa_neti

Nimeiweka kwenye simuleta, kompyuta ya 10.5.0.255 inapingiana na ya 10.5.1.0 bila kupitia ruta. Asanteni sana wakuu, mzee, biti32, kebo. Naenda kulala sasa.

---

waya_mrefu

Nami nimeijaribu kimya kimya. Nilikosa pale pale kwenye 10.5.0.255.